Kiatu Kwenye Mianzi: Barua Zenu Kuhusu Dini na Falsafa Ndani ya "Lost"

Katika toleo lililopita niligusia kidogo tamthilia ya Kimarekani iitwayo Lost, nikasema kwamba ndiyo iliyonizoesha kutazama televisheni nikiwa na daftari mapajani. Sikutegemea barua nyingi namna hii. Nimechagua sita.

Kwa wasioijua: ndege ya Oceanic, shirika la kubuni, safari namba 815, inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inakatika vipande angani na kuangukia kisiwa kisichokuwamo kwenye ramani. Kituo cha ABC kiliirusha kuanzia tarehe 22 Septemba 2004 hadi tarehe 23 Mei 2010, misimu sita, na sehemu kubwa ilipigwa picha katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Mwenye nia ya kuitazama aiweke safu hii kando kwanza, maana nitafika hadi pumzi ya mwisho ya mhusika mkuu.

SWALI: Dada, tuamulie. Mume wangu anashikilia kwamba abiria wote walikufa siku ileile ndege ilipoanguka, na kisiwa ni toharani. Mimi nasema kisiwa kilikuwa cha kweli. Tumenuniana siku mbili. (Mke asiyekubali)

JIBU: Haki iko upande wako, dada yangu, lakini mpokee shemeji kwa upole, maana wengi waliteleza hapohapo na sababu wanayo. Sehemu ya mwisho iliporushwa, wakati majina ya waigizaji yanapita, zilionyeshwa picha za mabaki ya ndege ufukweni, kimya, bila mtu hata mmoja. Watu wakasema: basi, hakuna aliyenusurika. Kituo kikaeleza baadaye kwamba picha zile ziliwekwa ili kumpa mtazamaji nafasi ya kupumua kabla ya taarifa ya habari. Hazikuwa sehemu ya hadithi.

Jibu lenyewe limo katika maneno ya Christian Shephard kwa mwanawe Jack, mhusika mkuu, mle kanisani wanamokutana wote mwishoni. Jack anauliza kama wote wamekufa. Baba anamwambia kwamba kila mtu hufa siku yake: wengine walimtangulia, wengine walimfuata miaka mingi baadaye. Kisiwa kilikuwa kweli, na vifo vyake na mapenzi yake pia. Ambayo hayakuwa ya dunia hii ni yale maisha ya pembeni ya msimu wa sita tu, ambamo ndege inatua salama na Jack ana mtoto wa kiume. Pale ni mahali walipopatengeneza wao wenyewe ili waonane tena kabla ya kuvuka.

Sasa, shemeji anasema toharani. Msomaji mwingine ameniandikia kwamba ni barzakhi. Wa tatu anataja bardo ya Wabudha wa Tibeti. Masikio yanaweza kudhani barzakhi na bardo ni ndugu, lakini hazina nasaba. La kwanza limo katika Kurani, sura ya 23 aya ya 100, na maana yake ni kizuizi kati ya waliokufa na siku ya kufufuliwa. La pili ni neno la Kitibeti kwa hali ya katikati, baina ya kifo na kuzaliwa upya. Tamthilia imechota kidogo kila mahali na haikutulia popote. Toharani mtu husafishwa. Mle kanisani hakuna anayesafishwa, wanangojeana tu. Kwangu hilo ndilo la kukumbuka: wafu wanaokataa kwenda mbele mpaka mwenzao aliyechelewa afike.

Mmeniuliza pia, watu wanne, kuhusu lile dirisha la kioo cha rangi nyuma ya Jack. Lina alama sita: msalaba, mwezi na nyota, nyota ya Daudi, alama ya Om ya Wahindu, gurudumu la dharma la Wabudha, na duara la yin na yang. Nitasema wazi: dirisha lile halikunigusa. Mle ndani ameketi Sayid Jarrah, Mwislamu kutoka Iraki, mtu aliyewahi kuwatesa mateka kwa mikono yake na kuibeba aibu hiyo misimu sita. Nilitaka nimwone mtu yule akikutana na swali la hesabu yake mbele ya Mola kwa lugha ya imani yake mwenyewe. Badala yake akapewa mwezi na nyota ukutani na msichana wa kumshika mkono, tena siye yule Nadia aliyemtafuta miaka mingi. Nikiona ishara kwenye skrini najiuliza: mhusika ameilipia nini? Dirisha lile hakuna aliyelilipia chochote.

SWALI: Nasoma falsafa mwaka wa pili. Kwenye Lost kuna Locke, Hume, Rousseau, Bakunin, hata Bentham. Mwalimu wetu anasema ni mapambo ya watunzi kujionyesha wamesoma. Je, ni kweli? (Mwanafunzi)

JIBU: Nusu ni kweli, mwanangu. Bakunin wa kisiwani, yule wa jicho moja asiyekubali kufa, nimemtazama mara tatu nikitafuta uhusiano wake na yule Mrusi mpinga dola na sijaupata wa maana. Lakini wawili usiwaache wakupite.

Wa kwanza ni John Locke. Mwanafalsafa Mwingereza mwenye jina hilo, aliyeishi kati ya 1632 na 1704, anajulikana kwa fundisho kwamba mtu huzaliwa akili yake ikiwa karatasi nyeupe, na uzoefu ndio unaoiandika. Sehemu mojawapo ya mwanzo ya msimu wa kwanza inaitwa "Tabula Rasa", yaani ubao uliofutwa, na wengi wanaishia hapo: watu wameanguka, wamefutwa, wanaanza upya. Ni sawa, ila ni juujuu. Nenda kwenye figo.

Kwenye tamthilia, baba yake Locke anaitwa Anthony Cooper. Ni tapeli. Anajitokeza mwanawe akiwa mtu mzima, anamwita mwanangu, anamfundisha kuwinda, anamwonyesha mapenzi ambayo maskini yule hajawahi kuyaonja. Siku moja Locke anamkuta kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo zimekufa. Locke anatoa yake bila kuombwa. Anazinduka baada ya upasuaji, anageuza shingo kutazama kitanda cha pili, na kitanda ni kitupu. Baba amekwisha kuondoka. Baadaye sana mzee huyohuyo anamsukuma kutoka dirisha la ghorofa ya nane na kumvunja mgongo.

Sasa fungua kitabu cha historia. Mwanafalsafa Locke alikuwa pia tabibu, na mlezi wake mkuu alikuwa bwana mmoja mwenye cheo aitwaye Anthony Ashley Cooper. Mwaka 1668 bwana huyo alikuwa hoi kwa uvimbe wa ini. Locke akasimamia upasuaji, likaachwa bomba dogo la fedha ubavuni la kutolea uchafu, na mgonjwa akapona. Aliamini maisha yake yote kwamba Locke ndiye aliyemwokoa, akamfungulia milango. Mmoja aliokoa ini la Cooper akapata mlezi. Wa pili alitoa figo kwa Cooper akatupwa dirishani. Siamini kwamba aliyeandika hayo alikuwa anajionyesha. Alikuwa anauliza: ukiwa karatasi nyeupe, itakuwaje kama wa kwanza kushika kalamu ni mwongo?

Wa pili ni Desmond Hume, Mskoti kama mwanafalsafa David Hume mwenyewe (1711 hadi 1776). Hume alifundisha kwamba hatujawahi kukiona chanzo kikizaa tokeo. Tunachokiona ni jambo moja likifuata lingine, mara nyingi, mpaka mazoea yanatufanya tutegemee. Desmond wa tamthilia amefungiwa chini ya ardhi kwa miaka mitatu mbele ya kompyuta. Kila baada ya dakika 108 lazima aingize tarakimu na kubonyeza kitufe, vinginevyo, aliambiwa, dunia itaangamia. Anabonyeza, na hakuna kinachotokea. Je, hakikutokea kwa sababu amebonyeza, au kisingetokea hata hivyo? Hawezi kujua mpaka aache, na akiacha na likawa kweli, amechelewa. Siku moja anachelewa kidogo kufika, chumba kizima kinavuta chuma, na ndege 815 inapasuka angani. Anakuja kuligundua hilo baadaye kwa kulinganisha tarehe kwenye karatasi za mashine. Mwambie mwalimu wako akatazame mwisho wa msimu wa pili.

Rousseau nakupa kwa sentensi moja, utafute mwenyewe zaidi: Jean-Jacques Rousseau aliwapeleka watoto wake watano kwenye nyumba ya watoto waliotupwa, na Danielle Rousseau wa msituni ni mama aliyenyang'anywa mtoto wake mmoja na kumlilia miaka 16.

SWALI: Assalaam alaykum. Yule Yakobo mlinzi wa kisiwa (jina hilo sisi tunasema Nabii Yakubu) na pacha wake mwenye nguo nyeusi: ni sawa kusema mweupe ni Mungu na mweusi ni Shetani? Vijana wangu wamelichukua hivyo na mimi nina wasiwasi. (Baba wa watatu)

JIBU: Waalaykum salaam, mzee wangu. Wasiwasi wako una msingi, na tamthilia yenyewe iko nawe.

Ni kweli kwamba tangu mwanzo inatuwekea nyeupe na nyeusi. Locke anamfundisha mtoto Walt mchezo wa bakgamoni ufukweni, anainua kete mbili mbele ya uso wake na kumwambia kwamba kuna wachezaji wawili, pande mbili, mmoja wa mwanga na mmoja wa giza. Katika pango wanakuta mifupa ya watu wawili na kifuko chenye jiwe jeupe na jiwe jeusi. Msimu wa sita kuna mizani yenye mawe hayohayo mawili, na yule mwenye nguo nyeusi analichukua jeupe na kulitupa baharini. Mtu akiona hayo anakumbuka mafundisho ya Mani wa Uajemi, karne ya tatu, ya ulimwengu wa nuru unaopigana na ulimwengu wa giza.

Lakini ngoja sehemu iitwayo "Across the Sea", ndipo mambo yanapogeuka. Mama anayewalea mapacha hao si mama yao. Alimzalisha mama yao halisi kisha akamponda kichwa kwa jiwe. Ni mama huyo anayewafunga kisiwani kwa uongo kwamba hakuna kitu ng'ambo ya bahari. Yule mtoto wa nguo nyeusi kosa lake la kwanza ni kutaka kujua ukweli na kurudi kwao. Anapokuja kumuua mama huyo, Yakobo, huyu mweupe, anampiga ndugu yake, anamburuta hadi kwenye pango la nuru na kumtumbukiza. Kutoka humo ndipo unapotoka ule moshi mweusi unaoua watu misimu yote. Huyo Yakobo ndiye aliyelitengeneza lile dubwana, kwa hasira ya saa moja, na kila aliyeletwa kisiwani baadaye aliletwa ili asaidie kulipa deni hilo.

Kwa hiyo, mzee wangu, waambie vijana hapana. Yakobo wa Lost hafanani na Mungu, na hafanani na Nabii Yakubu pia. Anafanana zaidi na kijana wa Mwanzo sura ya 25, nyumba ambayo mzazi mmoja anampenda huyu na mwingine anampenda yule. Katika Biblia, Rebeka anampenda Yakobo. Hapa wameligeuza: mama anampenda yule mwingine, na Yakobo analijua. Anaponyweshwa mvinyo wa kurithi ulinzi wa kisiwa analitamka mbele ya mama yake, kwamba yeye alikuwa wa pili. Nililisikia hilo nikasimamisha picha. Mwenye watoto zaidi ya mmoja atanielewa.

SWALI: Dada, ile ndege ya kuwarudisha kisiwani imeandikwa AJIRA ubavuni. Ni Kiswahili? Na kwa nini 108 iko kila mahali? (Mwenye macho)

JIBU: Macho yako mazuri, ila si Kiswahili. Shirika lile la kubuni limechorwa kwa sura ya Kihindi, na ajira ni neno lililomo katika Kisanskriti, lenye maana ya wepesi au mwendo wa kasi. Ajira yetu sisi ni jamaa ya ujira, imetoka Kiarabu. Zimekutana njiani tu. Safari yenyewe ni namba 316, na hapo usitafute mbali: Yohana 3:16.

Kuhusu 108, chukua tarakimu zile zinazomtesa Hurley, mmoja wa abiria, tangu aliposhindia bahati nasibu: 4, 8, 15, 16, 23, 42. Zijumlishe. Na 108 ndiyo idadi ya shanga katika tasbihi za Wahindu na Wabudha wengi. Ukiliweka hilo karibu na Desmond pale chini, anayerudia kitendo kilekile kila dakika 108 bila kujua kama kuna anayepokea, utaona kwa nini wengine tulianza kukiita kitufe kile sala.

SWALI: Mimi ni katekista. Nilimpenda Eko kuliko wote, hadi pale alipokataa kuungama, akafa. Kwa nini wamjenge mtu wa Mungu namna ile kisha wamwache afe bila toba? Nimeshindwa kumweleza binti yangu. (Katekista)

JIBU: Mwalimu, barua yako nimeisoma mara nyingi, na nimekaa nayo wiki nzima kabla ya kushika kalamu.

Kwa wasiomjua, Eko ni mmoja wa abiria walioanguka kisiwani. Tuanzie utotoni mwake, Nigeria. Wanamgambo wanaingia kijijini, wanampa bastola mtoto Yemi, wanamwamuru ampige risasi mzee aliyepiga magoti. Yemi analia, hawezi. Eko, kaka mtu, anamnyang'anya bastola na kufyatua yeye. Wanamchukua. Eko anakuwa jambazi, Yemi anakuwa padri. Miaka inapita, Eko anamrudia ndugu yake akitaka ndege ya kanisa isafirishe dawa za kulevya ndani ya sanamu za Bikira Maria. Mambo yanaharibika uwanjani, Yemi anapigwa risasi na kupakiwa ndani ya ndege, na Eko anasukumwa nje. Askari wanafika, wanamwona na vazi la kipadri, wanamwita "Father". Hivyo ndivyo upadri ulivyomwangukia.

Kisiwani anaikuta ndege ileile, na ndani yake maiti ya Yemi, ambayo anaitambua kwa msalaba shingoni. Anaichoma moto ndege hiyo kuwa kaburi, na anasoma Zaburi ya 23 pamoja na Charlie, abiria mwenzake. Sikiliza vizuri hapo, mwalimu, wewe unayeijua kwa moyo. Biblia inasema bonde la uvuli wa mauti. Eko anasema uvuli wa bonde la mauti. Amepindua maneno. Wako wanaoliita kosa la mwigizaji. Mimi nalisikia kama kinywa cha mtu ambaye hakufundishwa seminari, aliyeiokota zaburi alikopita, akaivaa kama alivyolivaa lile vazi, upande wa pili ukiwa nje.

Na ile fimbo yake. Ni gogo la mti msituni, zito, lenye damu kwenye kumbukumbu yake, kwa sababu alipovamiwa usiku wa kwanza kisiwani aliua watu wawili kwa jiwe, kisha akanyamaza siku 40. Katika gogo hilo anachonga maandiko kwa kisu, neno kwa neno. Kamera inapolisogelea unaona alama za kisu, herufi hazijalingana, nyingine zimeingia ndani zaidi mahali mkono ulipokaza. Hiyo ni ishara ya dini iliyotengenezwa na mtu mwenyewe kwa jasho lake. Anaitegemea akitembea, na inaweza kuvunja fuvu la mtu. Ukinipa fimbo ile moja nitakuachia madirisha yote.

Sasa kifo chake, msimu wa tatu, mwaka 2006. Kabla ya kufa tunaonyeshwa tena utoto, na hapa watazamaji wengi hawakutulia. Eko mdogo anaiba chakula ghalani ampe Yemi mwenye njaa. Mtawa anamkamata na kumpeleka kuungama. Mtoto anasema ndugu yangu alikuwa na njaa. Mtawa anajibu kwamba hata hivyo ni dhambi. Mwalimu, lishike hilo. Mtoto huyo alifundishwa mapema kwamba kumlisha ndugu yake na kumkosea Mungu ni kitu kimoja. Halafu kikaja kitu kikubwa kuliko mkate, ikaja bastola.

Kwa hiyo msituni, sura ya Yemi inapomtokea na kumwambia aungame, anapiga magoti na kusema kwamba haombi msamaha, kwa kuwa alifanya alilolazimika ili aishi. Alimuua mtu akiwa mtoto ili kuokoa maisha ya ndugu yake, na halijutii hilo. Hakuyaomba maisha aliyopewa, lakini aliyapewa, na aliyaishi kadiri ya uwezo wake. Na yule mwenye sura ya Yemi anamjibu kwa namna inayomfanya Eko atambue kwamba huyu si ndugu yake. Ni ule moshi, umevaa uso wa marehemu.

Mimi sikuambii kwamba toba haina haja. Wewe ndiye mwalimu wa hayo. Ninachotaka umwonyeshe binti yako ni nani aliyekuwa anadai toba. Hakuwa padri. Ni muuaji aliyejificha ndani ya sura ya mtu Eko aliyempenda kuliko wote, anayetaka kumwona akijikana. Angesema pole, angekuwa anamwambia nani? Nilipoitazama mara ya kwanza nilifikiri kama wewe, kwamba amepotea. Mara ya pili niligundua kwamba yote aliyoyasema yalikuwa ya kweli, na kwamba ulikuwa ni ungamo, kamili, bila kuficha hata mtu mmoja aliyemuua, isipokuwa halikuwa na lile neno moja tunalolitegemea. Baada ya moshi kumpiga na kumponda, picha ya mwisho anayoiona ni watoto wawili, yeye na Yemi, wakitembea pamoja. Binti yako mwulize amewaona wanaelekea wapi. Nisingependa kumjibia.

SWALI: Umetusumbua na ishara nyingi. Tutajie moja tu, iliyokukaa wewe. (Msomaji wa siku zote)

JIBU: Kiatu.

Tamthilia inaanza kwa jicho linalofunguka. Jack amelala chali katikati ya mianzi, suti imechanika, ubavuni ana jeraha. Juu yake, kwenye mwanzi, kinaning'inia kiatu kimoja, raba nyeupe. Hakuna anayekizungumzia. Mara ya kwanza sikukiona kabisa, nilikuwa namfuata mbwa anayepita.

Jack alikuwa Sydney kumchukua baba yake, aliyekuwa amekufa kwa ulevi. Jeneza lilikuwa ndani ya ndege. Kisiwani analikuta jeneza, analifungua, ni tupu, analivunjavunja kwa hasira. Kisha anamwona baba mwenyewe msituni, amevaa suti nyeusi ya maziko na miguuni raba nyeupe. Inatubidi tungoje hadi msimu wa tano kujua kwa nini. Jack anamsimulia Kate, abiria mwenzake, kwamba siku ya kumvisha marehemu hakukuwa na viatu vizuri, na yeye hakutaka kuhangaika kuvitafuta. Alimvalisha raba za kuukuu akisema nani ataziona, na moyoni akisema mzee huyu hastahili.

Nimeujua uzito wa hilo kwa sababu nina jozi ya viatu vyeusi vya baba yangu chini ya kitanda. Tulikuwa hatusemezani mwaka aliofariki. Kisigino cha kulia kimelika upande wa nje, kwa namna alivyokuwa akitembea. Navitoa, navipangusa, navirudisha.

Musa aliambiwa avue viatu vyake, katika Kutoka sura ya 3, na katika Kurani sura ya Taha, aya ya 12, kwa kuwa anakanyaga mahali patakatifu. Mwana mpotevu wa Luka 15 anarudi nyumbani, na baba anaagiza avalishwe viatu. Tangu nilipoisikia hadithi ya Jack nimekuwa nikiiona tamthilia nzima kama Luka 15 iliyogeuzwa: ni mwana aliyenyima viatu, ni baba aliyekwenda bila viatu vizuri kwenye nchi ya mbali. Katika msimu huohuo wa tano Jack anapata viatu halisi vya baba yake kwa babu yake, anavibeba, na anavivisha kwenye miguu ya maiti nyingine, ya John Locke, mtu aliyembishia kila siku kuhusu imani na sayansi. Anafanya hivyo akiwa peke yake na jeneza, akinung'unika kwamba huu ni wazimu, huku mikono yake inafunga.

Na mwisho kabisa, sehemu ya mwisho, Jack anarudi kwenye mianzi ileile akiwa na jeraha jipya ubavuni, jeraha la kisu, anayumba kutoka mti hadi mti. Amekwisha kumwachia Hurley ulinzi wa kisiwa, kwa kumnywesha maji ya matope kutoka chupa kuukuu ya plastiki. Anapita kando ya kile kiatu. Bado kipo, kimechakaa, kimeota ukungu. Kisha analala chali palepale alipoanzia, mbwa Vincent anakuja kujilaza ubavuni kwake, ndege inapita juu ya majani, na jicho linafumba.